Nepi za vitambaa: namna ya kuzitengeneza, kuzifua na kumlinda mtoto asipate vipele

Katika maduka mengi ya vijijini, nepi za kutupa huuzwa moja moja. Mama anapeleka shilingi mia tano, anarudi na nepi moja, na hiyo moja lazima ifike jioni. Asubuhi ni nyepesi. Ikifika saa sita mchana imeshakuwa nzito, inaning'inia, lakini mama haibadilishi kwa sababu nyingine hana. Usiku mtoto analia akiguswa mapajani, na asubuhi inayofuata safari ya dukani inaanza upya.

Makala haya ni kwa ajili ya mama huyo, baba wa mtoto huyo, na bibi anayebaki na mjukuu wakati wengine wako shambani. Tutaeleza jinsi nepi za vitambaa zinavyoweza kukupunguzia gharama, na mambo ambayo usipoyafuata, nepi hizo hizo zitamletea mtoto maradhi.

Kinachochubua ngozi ni muda

Ngozi ya mtoto mchanga ni laini. Mkojo ukikaa juu yake, ngozi huloana na kulegea. Kinyesi nacho kina kemikali za kusagia chakula ambazo huendelea kuiunguza ngozi hiyo iliyolegea. Ukiongeza joto na msuguano wa nepi, vipele hutokea.

Tuseme ukweli: nepi ya kutupa, ambayo wengi tunaiita pampasi hata ikiwa ya kampuni gani, ina vipunje vinavyonyonya mkojo na kuugeuza kuwa kama uji mzito. Kwa saa chache huacha ngozi ikiwa kavu kuliko kitambaa. Lakini faida hiyo inaisha pale nepi moja inapovaliwa kutwa nzima. Nepi ya kitambaa huloana mara moja na inataka kubadilishwa mara moja. Nguvu yake ni kwamba unaweza kuibadilisha mara nane au kumi kwa siku bila kutoa hata senti.

Hesabu ya nyumbani

Chukua bei ya dukani kwenu uihesabie. Kwa mfano, nepi ya kutupa ikiwa shilingi 500, na mtoto akitumia tatu tu kwa siku, ni shilingi 1,500. Kwa mwezi ni shilingi 45,000, na kwa miezi 12 ni shilingi 540,000. Nepi 24 za kitambaa, kila moja ikikugharimu shilingi 2,000, ni shilingi 48,000 kwa mara moja. Hapo ongeza sabuni ya kila mwezi. Zikitunzwa, mtoto anayefuata atazirithi.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana dukani. Nepi za kutupa zina plastiki isiyooza. Zikitupwa kwenye choo cha shimo, shimo hujaa mapema. Zikitupwa jalalani, mbwa huzichana na mvua huzisomba hadi mtoni. Zikichomwa, hutoa moshi mbaya.

Kitambaa gani, na nepi ngapi?

Kitambaa kinachofaa ni cha pamba: kanga kuukuu, shuka kuukuu la pamba, flana, au kitambaa cha taulo. Kilichofuliwa mara nyingi hunyonya vizuri zaidi kuliko kipya. Huna hakika kama ni pamba? Dondoshea maji kidogo. Pamba huyanywa, lakini nailoni huyaacha yateleze. Unaweza pia kuchomoa uzi mmoja na kuuchoma kwa uangalifu. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu. Uzi wa plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Kanga moja ina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa sentimita 110. Hutoa miraba miwili ya sentimita 70 kwa 70, na ukanda unaobaki hukunjwa kuwa pedi za kuweka katikati. Doti moja, basi, ni nepi nne pamoja na pedi zake. Pinda kingo ili nyuzi zisifumuke, maana uzi uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto ukambana.

Mtoto mchanga hutumia nepi nane hadi kumi na mbili kwa siku. Ukiwa na 20 hadi 24, na ukafua kila siku, hutakwama. Wakati wa masika andaa zaidi, kwa sababu nguo hazikauki haraka.

Kumvalisha

Kunja mraba uwe pembetatu, weka pedi katikati, mlaze mtoto juu yake, pitisha ncha ya chini katikati ya miguu, kisha leta ncha mbili za pembeni mbele. Ukitumia pini, iwe ile yenye kifuniko, na weka kidole chako kati ya pini na ngozi ya mtoto unapoifunga. Wengine hushona kamba mbili za kitambaa na kuachana na pini kabisa.

Usibane. Vidole viwili vipite kwa urahisi kati ya nepi na tumbo, na miguu iweze kukunjuka na kutanuka. Kitovu kikiwa bado hakijadondoka, kunja nepi iwe chini yake ili kisiloane na mkojo. Mtoto wa kike afutwe kutoka mbele kwenda nyuma, ili kinyesi kisifike kwenye njia ya mkojo.

Chupi ya nailoni inayovaliwa juu ya nepi husaidia safarini au kanisani na msikitini, lakini hufungia joto na unyevu. Ivue ukifika nyumbani. Mfuko wa plastiki usitumike kamwe badala yake. Usiku ongeza pedi ya pili.

Kufua hatua kwa hatua

Wapo wanaoamini kuwa kinyesi cha mtoto hakina madhara. Si kweli. Kina vimelea vya kuhara, na mtoto anayetambaa anaweza pia kuwa na minyoo. Ndiyo maana kazi inaanzia chooni, kabla ya kufika kwenye beseni.

1. Kung'uta kinyesi kwenye choo. Suuza nepi kwa maji kidogo, na maji hayo pia yamwage chooni. Usiyamwage karibu na kisima, mtoni wala kwenye bustani ya mboga.

2. Loweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Mfuniko huzuia nzi, na pia huokoa maisha: mtoto anayejifunza kusimama anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji machache tu. Ndoo hiyo isitumike kuchotea maji ya kunywa.

3. Fua kwa sabuni ya mche, maji ya moto yakipatikana. Tenga nepi na nguo nyingine.

4. Suuza mara tatu au mpaka povu liishe. Sabuni iliyobaki kwenye kitambaa huwasha. Dawa ya kung'arisha nguo si lazima. Ukiitumia iwe kidogo, usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, na suuza sana. Kilainisha nguo kiache, kwani hupunguza uwezo wa kitambaa kunyonya.

5. Anika kwenye kamba, juani. Jua kali hukausha, huondoa madoa na huua vijidudu vingi.

6. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kufua, na kila unapombadilisha mtoto, kabla hujagusa chakula.

Kwa nini usianike chini?

Kuna nzi mmoja wa rangi ya manjano na kahawia anayependa kutaga kwenye mchanga wenye kivuli na kwenye nguo zenye unyevu, hasa zenye harufu ya mkojo. Mayai yake huanguliwa kuwa funza wadogo wanaoweza kungoja hadi wiki mbili hivi bila chakula. Nguo ikivaliwa, huingia kwenye ngozi na kuota jipu lenye kitundu katikati. Kwa hiyo usianike nepi kwenye nyasi, kwenye ua au chini ya mti. Baada ya kuanua, piga pasi pande zote mbili, ukikazia kwenye mapindo. Ukitumia pasi ya mkaa, fungua madirisha na mlango, au pigia pasi nje barazani.

Tahadhari nyingine ni vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kufukuzia nondo na mende, yaani nafthalini. Usiviweke kwenye sanduku la nguo za mtoto, na nguo zilizokwisha kukaa navyo usimvalishe mtoto mchanga. Baadhi ya watoto huzaliwa na upungufu wa kurithi unaozifanya chembe nyekundu za damu kuwa dhaifu, na hali hiyo huonekana zaidi katika maeneo yenye malaria. Kwao, nafthalini inaweza kuvunja damu na kuleta manjano makali yanayoweza kudhuru ubongo.

Nepi inakueleza hali ya mtoto

Hapa kitambaa kina faida ambayo wengi hawaifikirii. Kwa kuwa unakigusa na kukifua kila siku, unajua mtoto amekojoa mara ngapi. Kuanzia siku ya tano hivi baada ya kuzaliwa, mtoto anayepata maziwa ya mama ya kutosha huloanisha nepi sita au zaidi kwa saa 24. Zikipungua, mwone mhudumu wa afya akuangalie unavyonyonyesha.

Angalia rangi pia. Choo cheusi cha siku za mwanzo ni cha kawaida, kisha hubadilika kuwa cha njano. Lakini choo cheupe kama chokaa, mkojo wa rangi nzito unaoacha doa la njano, au damu kwenye choo, ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mtoto akipata choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku, tofauti na kawaida yake, anaharisha. Endelea kumnyonyesha na umpeleke akapatiwe maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki. Ikiwa anaharisha na nepi inabaki kavu kwa saa nyingi, macho yamedidimia au amelegea, usingoje.

Akishapata vipele

Mwache bila nepi kwa muda kila siku, amelala juu ya kanga safi. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kupapasa bila kusugua, kisha paka mafuta mgando au krimu ya zinki. Acha poda, kwani vumbi lake huingia kwenye mapafu. Acha pia krimu za kuchanganya zinazouzwa bila maelekezo, kwa sababu nyingine zina dawa kali zisizofaa ngozi ya mtoto.

Vipele visipopungua baada ya siku tatu, au vikiwa vyekundu sana kwenye mikunjo na vidoti vidogo pembeni, huenda ni fangasi. Hapo inahitajika dawa ya zahanati. Kukiwa na usaha, malengelenge, homa, au mtoto akikataa kunyonya, mpeleke mara moja.

Kama maji yako mbali

Nepi za kitambaa hula maji na nguvu za mtu. Mama aliyejifungua wiki iliyopita hapaswi kubeba ndoo kutoka bondeni ili nepi zifuliwe. Kabla mtoto hajazaliwa, mkae kama familia mkubaliane nani atachota maji, nani atafua na nani atapiga pasi. Baba anayefua nepi za mwanawe hapungukiwi na kitu, na bibi anajua kazi hii kuliko wote, maana ndiyo aliyowalelea nyinyi.

Maji pia yanaweza kuzungushwa: yale ya kusuuzia mara ya mwisho leo, yawe ya kulowekea kesho. Na hakuna sheria inayokulazimisha kuchagua aina moja tu. Familia nyingi hutumia vitambaa nyumbani mchana, na nepi ya kutupa usiku au safarini. Ukifanya hivyo, kung'uta kinyesi chooni kwanza hata kwenye nepi ya kutupa, kisha ifunge vizuri na uitupe mahali ambapo mbwa hawafiki.

Kama huna uhakika pa kuanzia, anza na doti moja ya kanga kuukuu. Kata, pinda, fua, anika, jaribu kwa wiki moja. Na iwe kitambaa au ya dukani, kanuni ni ile ile: ikiloana ibadilishe, na mtoto akichafuka usisubiri.