Marekani: Nyumba imetengenezwa lakini haijauzwa, gharama inahesabiwa namna gani kwenye kodi?

Kati ya Wakongomani walioenda kuishi Marekani, kuna wale wanaonunua nyumba ya zamani, wanaitengeneza, kisha wanaitafutia mnunuzi. Shida inatokea pale tarehe 31 Desemba inafika na nyumba haijauzwa. Pesa imekwisha kwa mafundi, paa na rangi, na mwenye nyumba anatumaini kupunguziwa kodi mwaka ule ule. Mara nyingi hapunguziwi.

Ofisi ya kodi ya Marekani, IRS, inaangalia kwanza nyumba ilinunuliwa kwa kazi gani.

Kwa mtu mwenye kazi ya kununua na kuuza nyumba, ile nyumba ni bidhaa. Ni kama mwenye duka: hawezi kuondoa kwenye hesabu bei ya mifuko ya unga ambayo ingali kwenye depo. Tuseme alinunua nyumba dola 60 000 na kuitengeneza kwa dola 20 000. Mwaka wa kwanza, hakuna cha kuondoa. Akiiuza mwaka unaofuata kwa dola 105 000, ndipo zile 80 000 zinaondolewa. Faida ni dola 25 000. Juu yake analipa kodi ya mapato, pamoja na mchango wa wanaojitegemea, wenye kiwango cha 15,3%.

Aliyenunua nyumba moja tu akingojea bei ipande, kazi kubwa kama paa mpya inaongezwa kwenye bei ya kununua, inahesabiwa siku ya kuuza. Lakini matengenezo madogo hayapunguzi kodi yake tangu mwaka 2018.

Hali ni tofauti kwa nyumba ya kupangisha. Hata kama mpangaji hajapatikana, mradi inatangazwa kweli kwa kupangishwa, kutengeneza bomba lililovunjika kunahesabiwa mwaka ule ule. Paa mpya inagawanywa kwa miaka 27 na nusu.

Kwa hiyo, mtu asipange kulipa deni la mafundi kwa pesa anayotumaini kurudishiwa na IRS. Ndugu wa Bukavu ao Lubumbashi waliochanga pesa wajue vilevile: nyumba isipouzwa, pesa yao inabaki ndani ya kuta. Na risiti zote zichungwe, kwani siku ya kuuza, gharama isiyokuwa na karatasi inaweza kukataliwa.