Kuhani alipima, wewe unahukumu?

Mwanafunzi mwenzako anatokewa na baka kwenye ngozi. Kabla ya kengele ya mapumziko, stori zimeshaenea: "Msikae naye, ana ukoma huyo!" Je, nani kampima? Hakuna!

Wengine hujitetea eti hata Biblia iliamuru wenye ukoma watengwe. Haya, hebu tusome vizuri Mambo ya Walawi, sura ya 13 na 14.

KUHANI ALIFANYA NINI?

Katika Israeli ya kale, jirani hakuwa na kazi ya kumtangaza mtu kuwa najisi. Kazi hiyo ilikuwa ya kuhani. Aliangalia: vinyweleo vya pale kwenye baka vimegeuka vyeupe? Baka limeingia ndani ya ngozi? Asipokuwa na uhakika, hakubahatisha. Mtu alitengwa siku 7, akaangaliwa tena, halafu siku 7 nyingine. Baka likififia bila kuenea, alifua nguo zake, akawa safi. Majipu na majeraha ya moto yalikuwa na vipimo vyake. Hata upara ulitajwa: mwenye upara tu alikuwa safi!

Na dawa je? Hakutoa. Kuhani hakuwa mganga. "Najisi" ilikuwa hali ya kumzuia mtu asishiriki ibada, siyo lazima awe ametenda dhambi. Hata mama aliyejifungua alihesabiwa najisi kwa muda.

NJE YA KAMBI

Tusifiche, sheria ilikuwa nzito. Aliyethibitika aliishi peke yake nje ya kambi, nguo zimeraruliwa, akipaza sauti kuwa yeye ni najisi. Hata mfalme Uzia aliishi katika nyumba ya peke yake mpaka kufa.

Lakini mlango wa kurudi ulikuwepo. Mgonjwa akipona, kuhani mwenyewe alitoka nje ya kambi kwenda kumwangalia. Ibada za kumtakasa zilifika mpaka siku ya 8, na maskini alipunguziwa sadaka. Kisha alirudi kwa watu wake.

NI UKOMA WA LEO?

Siyo lazima. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "ukoma" lilihusu magonjwa mbalimbali ya ngozi, na hata madoa kwenye nguo na kuta za nyumba. Kumbe ukuta nao unaugua ukoma? Haiwezekani! Tena sura hizo hazitaji ganzi, ambayo ni dalili kubwa ya ukoma tunaoujua.

Ukoma huu unaletwa na bakteria aliyegunduliwa na Gerhard Hansen wa Norway mwaka 1873. Unatibika kwa dawa za miezi 6 au 12, na tangu 1995 Shirika la Afya Duniani limekuwa likiziwezesha kutolewa bure. Watu wengi wana kinga ya asili, na mgonjwa akishaanza dawa huacha kuambukiza upesi.

UFANYE NINI?

Ukiona baka lililopauka au jekundu, hasa lisilosikia mguso, usilifiche wala usingoje. Nenda kituo cha afya. Ukichelewa, mishipa ya fahamu inaweza kuharibika, upate ulemavu.

Na kama ni mwenzako? Msindikize. Huenda ni choa tu. Kuhani hakuwa na hadubini, lakini alisubiri siku 7 kabla ya kusema neno. Wewe unashindwaje kusubiri majibu ya daktari?