Je, Mtoto Ajaye Atakuwa Mzima?

Liko swali ambalo akina mama huliuliza kwa sauti ya chini, kikao kikiisha na wenzao wakiwa wameondoka: "Mtoto wangu ana selimundu. Nikizaa tena, itakuwaje?" Anayeuliza amekesha usiku mwingi akimkanda mtoto viungo, na pengine amewasikia mawifi wakisema kwamba ugonjwa huo haukuwapo katika ukoo wao mpaka yeye alipoolewa.

Tuanze na hilo la mawifi, maana ndilo linaloumiza wengi. Selimundu haitoki kwa mama peke yake. Kila mtu hurithi chembe mbili zinazohusika na wekundu wa damu, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye moja nzima na moja yenye kasoro kwa kawaida haumwi. Hulima, huzaa na huzeeka pasipo kujua. Mtoto huugua pale anapopata yenye kasoro kutoka pande zote mbili. Basi mume anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo amefukuza nusu tu ya chanzo. Nusu ya pili imebaki nyumbani, nayo imevaa suruali.

Sasa tuingie jikoni. Chukua vikombe viwili, kimoja cha baba, kimoja cha mama. Tia katika kila kimoja haragwe moja jekundu na moja jeupe. Fumba macho, utoe moja katika kila kikombe. Yakiwa mekundu mawili, huyo ni mtoto mgonjwa. Meupe mawili, mtoto hana kasoro hiyo kabisa. Yakichanganyika, ni mzima lakini anabeba kama wazazi wake. Kisha yarudishe yote, kwa sababu kila mimba huanza upya. Ukirudia mara nyingi, mekundu mawili yatatokea kama mara 1 katika kila 4.

Hapo ndipo wengi hupotea. Wakiambiwa "mmoja kwa wanne", husema: huyu tumekwisha kumpata, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Lakini vikombe havikumbuki haragwe la jana. Tukiwachukua wazazi wa namna hiyo jozi 100, kila jozi na watoto 4, hesabu inaonyesha kwamba jozi kama 32 hazitakuwa na mgonjwa hata mmoja, 42 zitakuwa na mmoja, na 26 zitakuwa na wawili au zaidi. Damu ya hao 32 si safi kuliko ya hao 26. Wale 32 hawajui tu, na huenda ndio wanaosema sana.

Na kwa nini kasoro hii imeenea sana kando ya Ziwa Viktoria na pwani? Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyefanya uchunguzi wake Uganda na Kenya, alieleza kwamba anayebeba chembe moja hukingwa kiasi dhidi ya malaria kali. Palipo na mbu wengi, wabebaji walinusurika wakazaa. Lakini mgonjwa mwenyewe malaria humwumiza vibaya, kwa hiyo chandarua asikikose.

Tumrudie mama yetu. Kwa kila mimba, nafasi 3 katika 4 ni za mtoto asiyeugua, na nafasi 1 ni ya mgonjwa. Wako wanaokubaliana na mume wasimame hapo, wako wanaoendelea, na hatuoni sababu ya kuwalaumu hawa wala wale. Anayeendelea ampimishe mtoto damu katika wiki za kwanza, asingoje mikono na miguu ivimbe, kwa kuwa miezi ya mwanzo mtoto hulindwa na damu aliyotoka nayo tumboni, akaonekana mzima kabisa. Akigundulika mapema hupewa penisilini mpaka atimize miaka 5, maji ya kutosha, nguo za kumkinga na baridi, na homa ikipanda hupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Mwulize daktari pia habari za haidroksiurea. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ukatangazwa mwishoni mwa 2018, ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, malaria na vifo.

Kaka na dada wa mgonjwa nao wapimwe, kabla hawajaleta mchumba nyumbani.