Kujisomea si Kujitenga

Kijana wa Komarock, Nairobi, anayenunua bando usiku ili ajifunze kuandika programu za kompyuta kupitia YouTube husifiwa kuwa mtu wa zama mpya. Simu ni mpya, lakini swali lililo nyuma yake ni kongwe: nani ana haki ya kuamua mtu asome nini, na kwa kibali cha nani?

Kenya ililiuliza swali hilo mapema. Baada ya mgogoro na wamisheni kuhusu tohara ya wasichana mwaka 1929, Wakikuyu wengi walizihama shule za misheni, wakachanga na kujenga zao. Mwaka 1939 chuo cha kuwaandaa walimu wa shule hizo kilifunguliwa Githunguri. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, wakoloni walifunga nyingi za shule hizo, kwa kuwa anayejiamulia masomo huenda kesho akataka kujiamulia serikali. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kituo kilichoendesha masomo ya ngumbaru kilitoa igizo lililowashirikisha wakulima na vibarua. Liliposhutumu unyonyaji, lilipigwa marufuku, na mmoja wa waandishi wake, Ngũgĩ wa Thiong'o, akatiwa kizuizini.

Wanafalsafa nao walikuwa wakiwaza hayo hayo. Mbrazili Paulo Freire alikataa mwanafunzi kufanywa chombo cha kumiminiwa maarifa. Ivan Illich, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alidai kuwa shule hutufanya tudhani cheti ndicho ujuzi. Badala yake alipendekeza mitandao ya kuwakutanisha watu wenye hamu moja, hata kwa msaada wa kompyuta.

Mwaka 2008, wataalamu wa elimu Stephen Downes na George Siemens walijaribu jambo linalokaribiana na hilo nchini Kanada: kozi ya mtandaoni iliyo wazi kwa yeyote, wanafunzi wakifundishana. Miaka minne baadaye yakaja makampuni ya kozi za mtandaoni kama Coursera, na vyeti vikarudi, safari hii kwa bei. Ukombozi ukageuka soko, na wito wa "jifunze mwenyewe" ukawa kisingizio kizuri cha kutojenga shule za umma.

Githunguri na Kamĩrĩĩthũ zilistawi kwa sababu watu walijifunza pamoja. Kwa hiyo, wewe unayejisomea Komarock, tafuta wenzako wawili watatu. Maktaba za umma za Kaloleni na Makadara ziko huko huko Eastlands. Kutaneni, fundishaneni, na kila kozi mnayoianza iulizeni: inamnufaisha nani?