Gofu: Kasi ya Mpira Juu ya Grini Nyepesi (Sehemu ya Pili)

Katika mchezo wa gofu, puti ni mpigo unaouviringisha mpira ardhini kuelekea shimoni, nao hupigwa kwa puta, yaani fimbo yenye uso ulio karibu wima, juu ya grini, ambayo ni eneo la nyasi zilizokatwa chini kabisa linalolizunguka shimo. Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilishughulikia mshiko wa fimbo na msimamo wa mchezaji. Sehemu hii inaingia katika jambo linalowashinda wengi hata baada ya mshiko na msimamo kukaa sawa, nalo ni kucheza juu ya grini nyepesi, ambayo mpira ukiguswa kidogo tu huenda mbali kabla ya kusimama. Hoja inayotetewa hapa ni moja: juu ya grini ya namna hiyo mchezaji aamue kwanza kasi ya mpira, kisha ndipo atafute mstari wa kuupitisha, kwa kuwa mstari huzaliwa na kasi na hauwezi kujulikana kabla yake.

Wepesi wa grini hupimika, na historia ya kipimo chake inafaa kujulikana. Mwaka 1935 mashindano ya wazi ya Marekani yalichezwa Oakmont, katika jimbo la Pennsylvania, uwanja ulioanzishwa mwaka 1903 na kusifika tangu zamani kwa grini zake kali, na mshindi, Sam Parks, alimaliza kwa mipigo 299, akiwa mchezaji pekee aliyeshuka chini ya mipigo 300. Miongoni mwa watazamaji alikuwamo Edward Stimpson, mchezaji wa ridhaa kutoka Massachusetts, ambaye inasimuliwa kwamba alimwona Gene Sarazen, bingwa mkubwa wa zama hizo, akipiga puti iliyovuka grini nzima na kuishia kwenye mchanga. Stimpson alitaka kujua kama grini zile zilikuwa zimepita kiasi, na kwa kuwa hapakuwa na kipimo cha kumjibu, alikitengeneza mwenyewe.

Chombo hicho, kinachoitwa stimpmita kwa jina lake, kiliboreshwa na Chama cha Gofu cha Marekani katika miaka ya 1970 na kuanza kugawiwa kwa watunzaji wa viwanja mwaka 1978. Ni ufito wa alumini wenye mfereji, urefu wake inchi 36, na una pengo dogo ambamo mpira hutulia. Ufito huinuliwa polepole upande mmoja mpaka unapofika pembe ya takriban digrii 20, ambapo mpira hujiachia wenyewe, huteremka, na kuingia kwenye nyasi ukiwa na kasi ya takriban mita 1.83 kwa sekunde. Mipira mitatu huachiwa kuelekea upande mmoja na mitatu kurudi kinyume chake, juu ya sehemu iliyo tambarare, na wastani wa umbali, unaohesabiwa kwa futi, ndio wepesi wa grini. Vipimo vya kwanza vya chama hicho katika viwanja vya Marekani vilionyesha wastani wa takriban futi 6 na nusu. Siku hizi grini ya futi 8 huhesabiwa kuwa ya kawaida tu, ya futi 10 ni nyepesi, na katika mashindano makubwa nyasi hukatwa hadi kimo cha milimita 3 au pungufu, zikashindiliwa kwa rola mpaka kipimo kikapita futi 12.

Mchezaji aliyezoea grini ya futi 8 anapofika kwenye ya futi 12 hukabiliwa na hesabu ambayo wengi huikosea. Mpira uliopigwa kwa nguvu ileile utakwenda nusu zaidi ya ulivyozoea kwenda, na kwa sababu hiyo mchezaji hudhani kwamba sharti apunguze mpigo wake kwa kiasi kikubwa hivyohivyo. Lakini umbali hautegemei kasi ya mpira moja kwa moja, bali hutegemea kasi hiyo ikizidishwa kwa yenyewe. Kwa hiyo, ili mpira usafiri umbali uleule juu ya grini ya futi 12, kasi yake ya mwanzo inatakiwa kupungua kwa takriban asilimia 18 tu, chini ya moja ya tano. Hofu huwafanya wachezaji wapunguze kwa nusu, mpira ukasimama kabla hata ya kulikaribia shimo, kisha kwa hasira ya kosa la kwanza puti ya pili ikapigwa kwa nguvu mno. Puti tatu juu ya grini moja, jambo linaloharibu kadi za wachezaji wengi, mara nyingi huanzia hapo.

Mwinamo wa ardhi huikuza hesabu hiyo, na hapa ndipo grini nyepesi inapotofautiana kabisa na grini nzito. Uchukuliwe mwinamo wa asilimia 3, yaani ardhi inayoshuka sentimita 3 kwa kila mita moja, kiwango ambacho jicho lisilozoea huenda lisikione. Juu ya grini ya futi 8, mpigo ambao ungeupeleka mpira mita 3 kwenye tambarare utaupeleka takriban mita 4.3 ukishuka na mita 2.3 ukipanda. Juu ya grini ya futi 12, mpigo wenye kipimo hichohicho cha mita 3 utaupeleka mpira takriban mita 5.5 ukishuka na mita 2 tu ukipanda. Pengo kati ya kupanda na kushuka, ambalo kwenye grini ya kawaida halifiki mara mbili, linakaribia mara tatu. Mwinamo ukifika takriban asilimia 6.5, mpira unaoteremka kwenye grini ya futi 12 hausimami kabisa, kwa sababu msuguano wa nyasi umezidiwa na mvuto wa ardhi, na mchezaji hana ufundi wowote wa kuuzuia.

Mwaka 1998 dunia ya gofu ilishuhudia jambo hilo katika mashindano ya wazi ya Marekani, uwanjani Olympic Club, San Francisco. Katika raundi ya pili, tundu la grini ya 18 lilikuwa limekatwa kwenye mteremko, na puti ya Payne Stewart ilipolipita kando iliendelea kuteremka polepole, isisimame, mpaka ikawa mbali na shimo kuliko ilikoanzia. Stewart alimaliza mashindano yale akiwa wa pili, nyuma ya Lee Janzen kwa mpigo mmoja. Lawama ya siku ile haikuwa ya mchezaji. Ilikuwa ya wale waliochagua mahali pa kuliweka shimo, na ni haki kusema hivyo, kwa kuwa wepesi wa grini ni mtihani wa ustadi pale tu ustadi unapoweza kuleta tofauti.

Kasi ikishaamuliwa, mstari unaweza kutafutwa. Mpira unaovuka mwinamo hupinda kuelekea chini, na kwa puti mbili za urefu mmoja zinazofika shimoni zikikaribia kusimama, ile ya grini ya futi 12 hupinda karibu nusu zaidi ya ile ya futi 8, kwa sababu mpira huchukua muda mrefu zaidi njiani na mvuto hupata nafasi zaidi ya kuuvuta. Anayelenga kama alivyozoea atauona mpira ukipita chini ya shimo kila mara, na mpira uliopita chini hauna tena njia ya kuingia, ilhali ule uliopita juu bado huweza kuteremkia ndani. Faraja ni kwamba mpira wa polepole hulipata shimo likiwa pana zaidi. Shimo lina kipenyo cha milimita 108, lakini upana unaofaa hutegemea kasi: mwanafizikia Brian Holmes alionyesha mwaka 1991 kwamba mpira unaopita katikati kabisa hauwezi kuingia ukizidi kasi ya takriban mita 1.63 kwa sekunde, na unaopita pembeni hukubaliwa kwa kasi ndogo zaidi ya hiyo. Dave Pelz, aliyefanya kazi ya utafiti NASA kabla ya kujitoa kwa gofu, alipendekeza kasi ambayo mpira ukilikosa shimo ungesimama takriban sentimita 43 mbele yake. Kipimo hicho kinafaa kwenye tambarare na kwenye puti za kupanda. Kwa puti za kushuka juu ya grini nyepesi ni afadhali mpira ufike ukingoni ukiwa umebakiwa na mzunguko mmoja au miwili tu. Tangu sheria zilipobadilishwa mwaka 2019 mchezaji anaruhusiwa kuiacha bendera shimoni anapopiga puti, na kwenye mteremko mkali ruhusa hiyo inafaa kutumiwa, kwani mti wa bendera huweza kuuzuia mpira uliokuwa ukienda kasi mno.

Kuhusu mpigo wenyewe, kosa kubwa ni kuivuta fimbo nyuma kwa urefu uliozoeleka kisha kuizuia ghafla inapokaribia mpira. Kuizuia huko hukaza viganja, huuzungusha uso wa puta, na kuufanya mpira uanze nje ya mstari uliokusudiwa. Inayopaswa kufupishwa ni safari ya fimbo kurudi nyuma, huku mwendo wake, yaani muda unaotumika kutoka mwanzo hadi mwisho wa mpigo, ukibaki uleule kwa puti fupi na ndefu. Kasi itapungua yenyewe. Wako wanaofundisha kwamba puti ya kushuka ipigwe kwa ncha ya puta ili mpira upokee nguvu kidogo. Mbinu hiyo haifai kwa mchezaji wa kawaida, kwa kuwa ncha huugeuza uso wa fimbo na hutoa nguvu isiyotabirika, na kosa dogo la kasi ndilo hasa lisilosameheka juu ya grini nyepesi. Njia iliyo bora ni kuchagua doa ardhini lililo karibu kuliko shimo, na kuupiga mpira kana kwamba mwisho wake ni pale.

Mazoezi ya kasi hayahitaji shimo. Mchezaji anapofika kwenye grini ya mazoezi apige kwanza puti kuelekea ukingo wa grini, mpira usimame karibu na ukingo bila kuuvuka, kutoka umbali mbalimbali, akipanda na kushuka, ili macho na mikono vijifunze wepesi wa siku ile. Kulenga shimo mapema humfanya ahesabu mipira iliyoingia badala ya kuangalia kule iliyokosa iliposimama. Akumbuke pia kwamba grini ya asubuhi yenye umande ni nzito kuliko ileile saa nane mchana, jua likishaikausha.

Kwa wachezaji wa pwani ya Afrika Mashariki na wa nchi nyingine za joto, liko jambo jingine la kuhesabiwa, nalo ni mlalo wa nyasi. Grini nyingi za maeneo hayo ni za jamii ya ukoka, na aina zake bora ni chotara zilizozalishwa Tifton, katika jimbo la Georgia, kwa kuchanganya ukoka wa kawaida na jamaa yake wa Transvaal, Afrika Kusini, hivyo asili yake ni ya Afrika ingawa uzalishaji wake ulifanyika Marekani. Ukoka hutambaa na kulalia upande mmoja; ukitazamwa ukang'aa, mpira utakwenda na mlalo na grini itakuwa nyepesi zaidi, na ukionekana wa kijani kizito, mpira utakwenda kinyume na mlalo na utachelewa. Ukingo wa shimo nao hutoa ushahidi, kwa kuwa upande ambao nyasi zimechakaa na kukauka ndio nyasi zinakoelekea. Uwanja wa Augusta, huko Georgia, uling'oa nyasi za jamii hiyo kwenye grini zake na kupanda aina nyingine nyembamba ya nchi za baridi kwa mashindano yake ya mwaka 1981, na tangu hapo grini zake zimekuwa mfano wa wepesi unaotajwa kila mahali.

Yote yaliyoelezwa humu humsaidia zaidi mchezaji ambaye mpira wake uko chini ya shimo, tayari kwa puti ya kupanda, na mahali hapo huchaguliwa na mpigo uliotangulia, ule wa kuufikisha mpira kwenye grini. Sehemu ya tatu itaueleza mpigo huo. Kabla haijatoka, msomaji na aende kwenye grini ya mazoezi akiwa na mipira mitatu tu, aipige kuelekea ukingoni, na asiguse shimo hata moja mpaka yote mitatu isimame pamoja.