Upupu: Unawasha Ngozi, Unaamsha Ubongo

Kuanzia Ukunda hadi Lunga Lunga, hapa Kwale, hakuna mwanafunzi wa shule ya msingi asiyeujua upupu. Ni ule mmea unaotambaa juu ya vichaka, wenye maganda yaliyopinda na kufunikwa na manyoya ya kahawia yanayong'aa juani. Ukinyunyizwa kwenye kiti cha mwalimu au kola ya shati la mwenzako, kazi ya siku nzima imeharibika. Anayewashwa hujikuna, na kila akijikuna manyoya yanazidi kuzama. Wazee humwambia ajipake majivu na aache kujikuna, ushauri ambao ni mwepesi kuutoa kuliko kuufuata.

Ndani ya ganda hilo mna mbegu, na mbegu hizo zina historia ndefu katika maabara za wanaochunguza ubongo.

Tuanze na mwasho wenyewe. Mwaka 1955 watafiti wawili wa Marekani, Shelley na Arthur, walionyesha kwamba kinachowasha ni kimeng'enya kilichomo kwenye manyoya, wakakiita mukunaini. Ilichukua zaidi ya miaka 50 kujua kinafanyaje kazi. Mwaka 2008 ilibainika kwamba mukunaini hukata vipokezi fulani vya ngozi, na vipokezi hivyo vikiguswa hupeleka habari ya mwasho hadi kwenye ubongo. Kipokezi ni protini iliyokaa juu ya seli ikingoja kemikali yake ifike; ikifika, seli huchukua hatua. Manyoya ya upupu yana pia serotonini, kemikali ileile ambayo ubongo wetu huitumia katika usingizi, hamu ya chakula na hali ya moyo.

Serotonini ina vipokezi vya aina zisizopungua 14. Dopamini, ndugu yake anayetajwa sana siku hizi, ina aina 5. Wingi huo ndio unaoifanya kemikali moja iwe na kazi mbalimbali mwilini: sehemu kubwa ya serotonini, yapata tisa ya kumi, haiko kichwani hata kidogo, iko tumboni. Na dopamini, ambayo watu wa mitandaoni huiita kemikali ya raha, ndiyo pia inayouwezesha mkono kuinua kikombe cha chai bila kumwaga.

Habari hiyo ya mkono iligunduliwa kupitia sungura. Katika miaka ya 1950 wataalamu wengi waliichukulia dopamini kuwa kituo cha njiani tu, kitu ambacho mwili hukipitia ukielekea kutengeneza kemikali nyingine. Arvid Carlsson, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden, hakuridhika. Aliwapa sungura reserpini, dawa inayotokana na mmea wa Kihindi, nao wakalegea, masikio chini, hawasogei. Kisha akawadunga dopa, malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Baada ya muda mfupi sungura wakainuka na kutembea. Alitangaza matokeo hayo mwaka 1957, na mwaka 2000 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Mtu atauliza kwa nini hakuwapa dopamini yenyewe. Sababu ni kwamba dopamini iliyo kwenye damu haiwezi kuvuka ukuta unaoulinda ubongo. Malighafi yake, levodopa, huvuka, kisha ikageuzwa humohumo ndani.

Mwaka 1960 Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz wa Vienna walichunguza ubongo wa watu waliofariki wakiwa na ugonjwa wa Parkinson, ule unaoleta mtetemeko na mwendo mzito. Katika sehemu zinazoongoza mwendo, dopamini ilikuwa imepungua mno. Mwaka uliofuata wagonjwa wa kwanza wakadungwa levodopa, na baadhi ya waliokuwa hawainuki kitandani wakaweza kusimama. Mpaka leo hakuna dawa ya Parkinson iliyoipita.

Hapa ndipo upupu unapoingia. Levodopa imo katika mbegu zake, kwa kiasi cha gramu 4 hadi 6 katika kila gramu 100, na kuwemo kwake kulithibitishwa na wanakemia wa India mwaka 1937, miaka 20 kabla ya sungura wa Carlsson. Matabibu wa jadi wa India walikuwa wakizitumia mbegu hizo tangu zamani.

Kwa msomaji wa Kwale hili si jambo la mbali. Huko Taru, Samburu au Mackinnon Road, mzee akianza kuburuta miguu, uso ukawa mkavu bila tabasamu, mkono mmoja ukatetemeka hata ukiwa umetulia mapajani, jirani husema ni uzee. Wengine husema karogwa. Kumbe hizo ni dalili za Parkinson, na jinsi ugonjwa huo usivyotambuliwa kumepimwa kwa jirani zetu tu, upande wa pili wa mpaka, Tanzania. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, katika eneo lenye watu 161,071, walipata wagonjwa 33 wa Parkinson. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Waliishi na ugonjwa wenye dawa bila kujua una jina.

Dawa yenyewe ni ya kunywa maisha yote, na bei yake huishinda familia nyingi za vijijini. Ndiyo maana watafiti wakarudi kwenye upupu. London, mwaka 2004, wagonjwa 8 walipewa unga wa mbegu: gramu 30 zilianza kufanya kazi baada ya takriban dakika 35, wakati vidonge vya levodopa vilichukua karibu dakika 69. Bolivia, mwaka 2017, wagonjwa 18 walipewa mbegu zilizokaangwa na kusagwa, nao wakapata nafuu isiyopungua ile ya vidonge. Habari njema, hadi hapo. Kisha jaribio la wiki 16 likawafuata wagonjwa 14, na nusu yao wakaacha njiani, wengi kwa kichefuchefu na shida za tumbo, wengine kwa sababu mwendo wao ulizidi kuwa mbaya. Dozi moja mbele ya daktari ni jambo moja. Kunywa unga huo kila siku ni jambo jingine.

Serotonini nayo ina lake. Mgonjwa aliyetumia levodopa kwa miaka mara nyingi huanza kujipinda na kurusha mikono bila kutaka. Mwaka 2007, Lund tena, timu ya Manolo Carta na Anders Björklund ilionyesha kwa panya kinachosababisha hali hiyo. Seli za dopamini zikishakufa, seli za serotonini huichukua levodopa, zikaigeuza dopamini na kuimwaga. Lakini hazina njia ya kujua kipimo kimetosha, kwa hiyo hufanya kama bomba lisilo na koki. Vipokezi vya dopamini hufurikiwa, kisha hukauka, kisha hufurikiwa tena, na misuli hufuata fujo hiyo.

Mafuriko ya dopamini ya namna hiyo yaliwahi kuwapata watu wengi kwa pamoja. Mwaka 1989 sehemu ya mkoa wa Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, ilikuwa katika njaa ya vita na ukame. Watu walikula mbegu za upupu, chakula cha shida kinachojulikana huko. Kwa desturi mbegu hizo huchemshwa mara kadhaa na maji yake kumwagwa kila mara, na ndivyo levodopa inavyotoka. Mwaka huo maji hayakuwepo ya kumwaga. Mtu wa Taru, anayejua ndoo moja ya maji inagharimu nini wakati wa kiangazi, hahitaji kuelezwa zaidi. Watu 203 waliugua: vichwa viliuma, mioyo ilikwenda mbio, akili zikavurugika, wakaona na kusikia visivyokuwepo. Tukio hilo liliandikwa katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1990.

Hawakuwa wamerogwa. Walikuwa na dopamini nyingi kupita kiasi, kinyume kabisa cha sungura wa Carlsson. Dawa zinazotolewa kwa wagonjwa wa akili, kama haloperidoli, hufanya kazi kwa kuziba aina moja ya vipokezi vya dopamini, na dozi ikizidi mgonjwa hukakamaa na kutetemeka kama mwenye Parkinson. Muguka, majani ya kutafuna yanayopita Taru kila siku kwa pikapu za mwendo kasi kutoka Embu, nao hugonga mlango huohuo: kathinoni iliyomo kwenye majani mabichi huzifanya seli zimwage dopamini. Ajabu ni kwamba muguka hujadiliwa mpaka Ikulu, upupu tunauachia watoto wa shule.

Wakulima hawakuuachia. Watafiti wa kilimo wa Mtwapa walifanya kazi kwa miaka na aina isiyowasha, ile iitwayo mukuna, wakiipanda pamoja na mahindi ili irutubishe udongo na kuwalisha ng'ombe wa maziwa majani yake. Kwa udongo na kwa ng'ombe, hilo linajulikana na lina faida.

Kwa mgonjwa nyumbani, hapana. Mbegu zinatofautiana nguvu, hakuna anayeweza kupima levodopa kwa kijiko cha jikoni, na anayemeza tayari vidonge vya Parkinson au dawa za ugonjwa wa akili anaweza kudhurika haraka. Ukiwa na mzazi ambaye mkono wake unatetemeka ukiwa umepumzika na hatua zake zimekuwa fupi, mpeleke hospitali ya rufaa ya Msambweni au iliyo karibu nawe, na umwambie daktari kila anachokunywa, hata kama ni unga wa mbegu ulionunuliwa kwa mganga.