Ndege Inapogeuzwa Njia: Mzigo wa Dispacha na Subira ya Anayengoja

Kayole na Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ni majirani. Watoto wa mtaa huo wamezizoea ndege kama watoto wa Lamu walivyoyazoea majahazi. Lakini kwa familia nyingi za huko, na za kwetu Pwani pia, ndege hizo si mandhari tu. Ndani yake mna binti anayerejea kutoka Riyadh au Doha baada ya kutimiza mkataba wake wa kazi, mna wazee wanaotoka Umra, mna mgonjwa aliyekwenda kutibiwa India. Basi inapokuja habari kwamba ndege haitatua Nairobi bali imeelekezwa Mombasa au Entebbe, nyumba nzima huingiwa na hofu. Simu ya msafiri haipatikani, na kila jirani ana lake la kunong'ona.

Ni vyema tukajua ni nani huamua jambo hilo, na kwa hesabu gani.

Nahodha wa nchi kavu

Rubani tunamjua. Waongoza ndege walioko mnarani tumewasikia. Wa tatu, ambaye abiria hamwoni kamwe, ni afisa wa mipango ya safari za ndege, ambaye wenyewe kazini humwita dispacha. Huyu huketi katika ofisi ya shirika la ndege, mbele ya ramani, taarifa za hali ya hewa na simu zisizonyamaza. Kabla ndege haijaondoka, yeye huchagua njia, hupima uzito, huangalia upepo na mawingu, na hukadiria mafuta. Ikisharuka, huifuatilia hadi itue. Katika nchi kama Marekani, sheria humtwika yeye na rubani jukumu la usalama wa safari kwa pamoja.

Hesabu ya mafuta ndiyo roho ya kazi hiyo. Kwa kanuni za kimataifa, ndege ya jeti haibebi mafuta ya kufika tu. Hubeba ya safari yenyewe, kisha nyongeza ya yale yasiyotarajiwa njiani, kisha ya kuifikisha kwenye uwanja mbadala, na mwisho akiba ya kuzunguka angani dakika 30, ambayo haikusudiwi kuguswa. Kwa hivyo, mara nyingi ndege iendayo Nairobi huondoka ikiwa tayari imeandikiwa uwanja mwingine wa kukimbilia. Kugeuzwa njia si dalili kwamba mipango imevunjika, bali ni sehemu ya mipango hiyo kutumika. Wazee wetu wa baharini walijua bandari za kujisitiri kabla hawajatweka tanga.

Alfajiri ya 7 Agosti 2013

Wengi wetu tunaikumbuka siku hiyo. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa Ramadhani, na watu walikuwa wakisafiri kwenda kula Idi na jamaa zao. Alfajiri moto ulizuka katika jengo la abiria wanaowasili kutoka nje ya nchi, na uwanja ukafungwa. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyepoteza maisha. Lakini saa za alfajiri na asubuhi ndizo saa ambazo ndege nyingi kutoka Ulaya na Ghuba hukaribia Nairobi. Zilizokuwa angani zikaelekezwa Mombasa, Eldoret na Kisumu.

Tutafakari mzigo wa maafisa wa zamu katika saa kama hiyo. Katika siku ya kawaida, dispacha mmoja huweza kuziangalia ndege kadhaa, kwa kuwa kila moja huhitaji uangalizi kwa wakati wake. Uwanja ukifungwa, zote huhitaji jibu kwa pamoja. Uwanja ule mbadala una njia ndefu ya kutosha ndege kubwa? Kuna nafasi ya kuiegesha, au zilizotangulia zimejaa? Kuna mafuta, ngazi, maafisa wa uhamiaji? Marubani wamebakiza muda gani kabla saa zao za kazi hazijakwisha kisheria? Na wakati maswali hayo yanaulizwa, mafuta yanaungua.

Ndiyo maana uchovu wa dispacha ni jambo la usalama. Sheria za Marekani humzuia kupangiwa zaidi ya saa 10 mfululizo, na humpa walau siku moja ya mapumziko kwa wiki.

Anapokosekana mtu huyo katika mazungumzo, madhara ni makubwa. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya shirika la Avianca kutoka Kolombia ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja ikingoja kutua New York, katika hali mbaya ya hewa. Mafuta yakaisha. Watu 73 kati ya 158 walikufa. Wachunguzi waliona kwamba marubani hawakutangaza dharura ya mafuta, na pia hawakutafuta msaada wa dispacha ambaye angewasaidia kuamua mapema kukimbilia uwanja mwingine.

Kwa anayesafiri na anayengoja

Msafiri aweke dawa zake, maziwa ya mtoto, pasipoti na chaja ya simu katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku la chini. Asishangae akizuiwa kushuka mara tu ndege inapotua. Huenda inaongezwa mafuta tu ili iendelee na safari. Anayengoja nyumbani aiandike namba ya safari ya ndege, aulize shirika lenyewe, na asisambaze habari za kusikia.

Na kuna neno kwa wazazi wenye mabinti wapendao hesabu, fizikia na jiografia. Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki kipo Embakasi, si mbali na Kayole, na hufundisha taaluma hii. Kwa kanuni za kimataifa, leseni yake hutolewa kwa aliyetimiza miaka 21. Ni kazi ya akili, uaminifu na utulivu, inayofanywa katika nchi kavu, na mwanamke huiweza sawa na mwanamume.

Usiku wa leo ndege nyingine zitakaribia Nairobi, na huenda moja ikakuta ukungu. Ikigeuzwa, mama aliyeko Kayole atachelewa kumkumbatia mwanawe. Kuchelewa huko ni uzito, lakini ni uzito uliopimwa na mtu aliyekabidhiwa amana ya kumfikisha salama. Tuwaombee wenye zamu hizo, na tuwadai wakubwa wao wawape muda wa kupumzika.